Uzi wa fukwe: kabla hujauliza "wapi", uliza mwezi uko wapi

FundiMashine (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kila Desemba ikikaribia humu unaibuka uzi ule ule: wapi kuna ufukwe mzuri Bongo hii? Na majibu ni yale yale. Nungwi, Paje, mmoja anaweka picha ya Coco, mwingine analalamika kwamba Tanga imesahauliwa, uzi unakufa. Mimi nauza vipuri vya mashine za boti, mwaka wa kumi na nne sasa. Wateja wangu ni wavuvi na wenye boti za watalii, kwa hiyo nimezunguka mwambao kuanzia Moa kule jirani na Kenya mpaka Msimbati unakoiona Msumbiji kwa macho, na maziwa yetu matatu makubwa nimeyalala kandokando. Nikiulizwa ufukwe mzuri uko wapi, nashindwa kujibu. Ufukwe ule ule saa nne asubuhi ni mawe na matope, saa kumi jioni ni ile bluu ya kwenye kalenda.

Nianze na kisa. Mwaka juzi jamaa yangu alioa, akachukua chumba Paje siku tatu. Asubuhi ya kwanza simu inaita, sauti imemkauka: "Fundi, bahari haipo." Nikajua. Walitoka na mkewe saa nne wameshavaa nguo za kuogelea, taulo begani, wakakuta mchanga mtupu unaenda mpaka kwenye ule mstari mweupe wa mwamba kule mbali. Wanawake wameinama wanafunga mwani kwenye kamba, watoto wanachokoa pweza. Jamaa anataka hoteli imrudishie hela! Nikamuuliza mwezi ulikuwaje jana usiku. Akasema mkubwa, mviringo, wamepigia na picha. Basi, jibu lilikuwa kwenye simu yake mwenyewe.

Wavuvi wote wanalijua hili, sisi wa bara hatufundishwi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji ni ya bamvua: yanajaa mno na yanapwa mno. Kwenye pwani yetu tofauti ya kujaa na kupwa siku hizo inaweza kukaribia mita nne. Na saa zake hazibabaishi. Unguja na Dar, siku za bamvua maji yanafika chini kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, yanarudi kujaa saa kumi kwenda kumi na moja jioni. Kila siku yanachelewa kama dakika hamsini. Subiri wiki moja, mwezi uwe nusu, mambo yamegeuka: ni maji mafu, yanapanda na kushuka kidogo tu, na asubuhi ile ile ya saa nne au tano ndiyo yako juu.

Kwa hiyo ukitaka kuogelea mchana mwambao wa mashariki wa Unguja, yaani Paje, Jambiani, Bwejuu, Michamvi na wenzake, piga hesabu ya maji mafu. Kendwa na upande wa magharibi wa Nungwi kina kiko karibu, unaogelea karibu saa yoyote, na hiyo kwa maoni yangu ndiyo nusu ya bei unayotozwa kule. Nusu nyingine ni muziki.

Kuna sehemu zinataka kinyume chake. Nakupenda, lile fungu la mchanga mbele ya Mji Mkongwe, maji yakijaa hulioni. Maziwe kule Pangani vivyo hivyo. Wazee wa Ushongo wanakumbuka Maziwe ikiwa kisiwa cha kweli chenye mivinje na kasa wanataga chini yake. Miti ikaisha, bahari ikala udongo, leo ni mgongo mweupe unaotokeza maji yakitoka. Kasa bado wanakwenda kutaga, mazoea hayana dawa, na mayai yanahamishiwa Ushongo yasizame. Kwa hiyo mwenye boti wa Pangani akikwambia tuondoke saa kumi na mbili alfajiri usimwone msumbufu.

Halafu kuna pepo. Kaskazi inavuma kuanzia Desemba mpaka karibu Machi, joto, na kwa sehemu nyingi bahari ni ya upole. Kusi inashika baada ya masika, kali kuliko zote Juni hadi Agosti. Mafia wakati wa kusi nimevuka mara moja kutoka Nyamisati, sitarudia, nilimwaga mpaka chakula cha juzi. Lakini nenda Mafia kati ya Oktoba na Machi, pale mbele ya Kilindoni, ukaone potwe. Samaki mkubwa kuliko wote duniani anaogelea mdomo wazi kama mtu aliyesahau alichotaka kusema, anachuja vijidudu tu, hana habari na wewe. Upande wa pili, ghuba ya Chole, ndiko kwenye matumbawe. Eneo hilo ni Hifadhi ya Bahari tangu 1995, ya kwanza nchini, na kiingilio chake kinalipwa, msije mkagombana na walinzi.

Kilwa nitaisema kwa ufupi kwa sababu watu huenda kwa magofu. Kilwa Masoko ufukwe wa Jimbiza uko katikati ya mji, unatoka chumbani unaingia majini, na ng'ambo unaiona Kilwa Kisiwani iliyo kwenye urithi wa dunia tangu 1981. Ibn Battuta alipita 1331 akausifu mji. Mimi nilipita nikauza vipuri viwili.

Maziwa nayo. Hayana kupwa wala kujaa kwa maana ya bahari, watu wakadhani basi hayana ratiba. Yanayo. Asubuhi ziwa ni kioo, mchana upepo unaingia, saa tisa limechafuka. Ukitaka kuogelea au kupanda boti, maliza kabla ya saa sita. Na mwezi unatawala huko pia, ila kwa njia nyingine, hiyo ntaieleza nikijibiwa vizuri.

Ulizeni.

Kifupi_tu

Nimesoma mstari wa kwanza na wa mwisho. Kwa kifupi twende wapi?

FundiMashine

Kwa kifupi nenda kalale.

MwanaMakunduchi

Assalaam alaykum. Ndugu yangu Fundi kasema kweli lakini kanichoma pahala. Hiyo "bahari haipo" ndiyo lugha ya wageni. Bahari ipo, nyie mmewahi.

Mie ni mtu wa Makunduchi, mamangu kafunga mwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 ulipoanza kulimwa kwetu. Kwetu pwani ikiwa wazi ndiyo inakuwa na watu. Maji yakijaa hamna kitu pale, ni maji tu. Yakitoka ndipo utawaona watu wote: huyu na mwani wake, huyu na chaza, huyu na mchokoo wa pweza. Mgeni akivaa viatu akapata kijana wa kumwongoza, akatembea mpaka kwenye mwamba, ataona nyota za bahari, majongoo bahari, visamaki vya kila rangi kwenye vidimbwi, na hakulipa boti. Ila mambo matatu. Viatu, kwa sababu wale viumbe weusi wa baharini wenye miiba mirefu hawana utani. Wakikuchoma, wenyeji hupaka utomvu wa papai bichi. Pili, vile vijiti na kamba ni mashamba ya watu, usipite juu yake wala usiyapigie picha bila kuomba. Tatu, muda: maji yakianza kurudi hurudi kwa nyuma yako, yanajaza mikondo iliyo baina yako na nchi kavu kabla wewe hujalowa mguu. Kijana atakwambia twende, basi nendeni.

Na nyongeza. Fundi kasema mwezi ukiandama ni bamvua. Basi kumbukeni Idd ndogo huwa ni bamvua siku zote, maana sisi twafungua kwa mwezi kuandama. Mnakuja kwa mamia asubuhi ya Idd mosi mnakuta kumekauka, mnasema Zanzibar imeharibika. Njooni saa kumi alasiri, maji yako mlangoni. Idd kubwa ni siku ya kumi tangu mwezi uandame, siku hizo maji ni mafu, mnaogelea mchana kweupe.

FundiMashine

Hiyo ya Idd sikuwahi kuiwaza, miaka yote hii. Naiandika kwenye daftari.

Bwana_Stesheni

Na Pasaka? Maana sisi tumeshalipa Jambiani, Ijumaa Kuu mpaka Jumatatu, watu sita.

MwanaMakunduchi

Pasaka nayo haiendi mbali na mwezi mpevu, ndivyo ilivyopangwa, Jumapili baada ya mwezi kujaa. Kwa hivyo Ijumaa Kuu mara nyingi mtaikuta bamvua au mabaki yake. Jingine ni masika. Chukueni viatu na mwavuli.

Ngosha_Kirumba

Mkuu Fundi, umetuonea. Bahari aya nane, maziwa aya moja! Ziwa Victoria ni kubwa kuliko nchi kadhaa mnazoziheshimu, kilomita za mraba kama elfu sitini na nane na ushee, na wewe unalipa mistari mitano.

Niwape Mwanza ya mwenyeji. Mtu anafika, anapiga picha Jiwe la Bismarck, anakula sato, anaondoka. Vuka Saanane, dakika chache tu kwa boti kutoka mjini, hifadhi ya taifa ndogo katikati ya jiji, mawe yamepangwa juu ya mawe kama aliyeyapanga alikuwa amelewa. Ukiwa na siku mbili panda meli uende Nansio, Ukerewe, utembee kwa baiskeli, kisiwa kina watu na kina mashamba, si kisiwa cha maonyesho. Mwenye uwezo zaidi aende Rubondo, huko msitu unaishia majini. Bukoba nao wana mchanga wa kweli katikati ya mji. Musoma machweo yake mimi sijaona mfano, na mimi si mtu wa kusifia wakurya bure.

Kula: sato mzima wa kukaanga, ugali wa muhogo. Sangara muachie wa viwandani.

MamaWawili

Asanteni kwa uzi. Nina watoto wawili, saba na kumi. Tunataka kwenda Mwanza Juni kwa dada yangu, na watoto hawaongei kingine ila kuogelea ziwani. Kichocho? Dada anasema wao wanaoga tu na hawajafa.

Ngosha_Kirumba

Dada asikudanganye mama. Mimi nimemeza vidonge vya kichocho nikiwa shule ya msingi, tunapangwa mstari wote. Kipo. Hatufi, ila kipo.

NesiMstaafu

Naomba nijibu hili, nimefanya kazi kituo cha kando ya ziwa miaka mingi.

Kichocho hakitoki kwenye maji yenyewe. Mtu mgonjwa anajisaidia ziwani au karibu na ziwa, mayai yanaanguliwa, vijidudu vinaingia kwa konokono wadogo wanaokaa kwenye magugu, vinakomaa humo, vinatoka tena kumtafuta mtu. Vinapenya ngozi nzima, isiyo na jeraha, kwa muda wa dakika chache. Huhitaji kumeza maji. Konokono hao wanapenda sehemu tulivu, zenye magugu na kina kifupi, na zilizo jirani na mialo ambako watu wanafua, wanaoga na kujisaidia. Vijidudu wa kichocho cha tumbo hutoka kwa wingi jua likiwa limepanda, kuelekea mchana.

Kwa hiyo mama, mwambie dada awapeleke mahali pa mawe au mchanga palipo wazi na mawimbi, mbali na mwalo, asubuhi. Hatari inapungua, haiishi. Au tafuta bwawa la kuogelea na ziwa mlitazame. Mkishaingia, msikimbilie vidonge wiki inayofuata. Prazikwanteli haiui vizuri minyoo ikiwa bado michanga. Subirini kama miezi miwili, mpime mkojo na choo, mpewe dozi kwa uzito wa kila mtoto. Akipata homa, kikohozi au ngozi kuvimba wiki chache baada ya safari, usisubiri miezi miwili, nenda kituoni na useme waziwazi: aliogelea ziwani. Nimeona watoto wa Dar wakitibiwa malaria mara tatu kwa sababu mzazi hakutaja safari.

Na uliza habari za mamba. Usiulize hotelini, uliza wanaofua.

MamaWawili

Nesi Mungu akubariki. Bwawa la kuogelea basi. Watanuna.

TangaRaha

Mimi ndiye yule anayelalamika Tanga imesahauliwa, nimejitokeza. Raskazone ni ya familia, maji hayana fujo, jioni unakula pweza unarudi zako nyumbani. Mapango ya Amboni yako karibu. Bahari yetu ina silikanti, yule samaki waliyedhani alikufa na madinosaria. Kuna hifadhi kwa ajili yake tangu 2009. Hamtamwona, anakaa kina kirefu mno, lakini mimi nikiogelea najisikia nina jirani wa maana.

KyelaDamu

Naona mmeruka ziwa langu kabisa. Matema wakuu, Matema!

Kutoka Mbeya unashuka Tukuyu kwenye chai na migomba, baridi inabaki nyuma, masikio yanaziba, unaingia Kyela kwenye mpunga na kokoa, kupita Ipinda, mara milima ya Livingstone imesimama kama ukuta na chini yake Ziwa Nyasa. Mlima unaishia majini. Mchanga wa rangi ya kahawia mweupe, na maji unayoona vidole vya miguu. Jumamosi ndio siku. Akina mama wa Kikisi wanaleta vyungu kwa mitumbwi kutoka Ikombe na vijiji vya chini ya mlima mpaka soko la Lyulilo, vimepangwa juu ya nyasi, vina michoro meupe na mekundu. Chungu kimoja kikipasuka njiani wanacheka, mimi nililia na hakikuwa changu.

Msiende Aprili. Kyela mvua inanyesha kwa hasira. Kuanzia Juni ni pakavu, ingawa upepo wa kusini ukishika mawimbi ya Nyasa yanaweza kumfanya mtu wa bahari ajitambue.

Mbinga_Kwetu

Na upande wetu Mbamba Bay. Sasa lami inafika, zamani kutoka Mbinga ilikuwa ni kuomba dua. Kaskazini kidogo kuna Liuli, lile jiwe kubwa lililofanya Wajerumani waite bandari yao Sphinxhafen. Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, ilikuja pale ikaipiga meli ya Wajerumani iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa. Nahodha wa Kijerumani hakuwa na habari kwamba vita vimeanza, na yeye na nahodha wa Gwendolen walikuwa marafiki wa kunywa pamoja. Mimi naenda pale kula mbasa tu, lakini historia iko.

PwaniMoja

Salamu kutoka Kwale, ndugu zangu. Niongeze la kwetu kidogo. Diani watu wanafikiri ni nyeupe mwaka mzima. Kusi ikija, kuanzia Juni hivi, mwani wa porini unaletwa ufuoni marundo kwa marundo, na mgeni aliyeona picha za Januari anakasirika. Malindi nayo msimu wa mvua maji yanageuka kahawia, ni tope la mto Sabaki. Hakuna aliyedanganya, ni msimu tu.

Ile saa ya bamvua mliyosema ni sawa na yetu hapa. Babu yangu alikuwa haangalii saa, anaangalia mwezi anasema "leo samaki tutakula jioni".

Kigoma_Mwisho_wa_Reli

Fundi, ulisema mwezi unatawala ziwani kwa njia nyingine ukatuacha hewani. Ngoja nimalizie mimi maana ni kwetu.

Dagaa wa Tanganyika wanavuliwa kwa taa. Taa inafanya kazi giza likiwepo. Mwezi ukiwa mpevu mwanga umetapakaa kila mahali, dagaa hawakusanyiki, wavuvi wanapumzika, mitumbwi imepandishwa, nyavu zinashonwa mchangani. Kwa hiyo mgeni akija mbalamwezi ataona ufukwe umejaa watu, ngoma na soga. Akija giza ataona kitu kingine: saa mbili usiku ukikaa juu ya kilima, ziwa lote limewaka taa, mji mwingine umeota majini, na ng'ambo ni Kongo. Mimi nimezaliwa hapa na bado nasimama kutazama.

Kuogelea, wengi wanakwenda Jakobsen, kupita Katonga. Maji ya Tanganyika ni maangavu kwa sababu ya kina, ni ziwa la pili duniani kwa kina, kama mita 1,470. Hatua chache kutoka ufuoni hukanyagi tena, asiyejua kuogelea asijaribu. Mwenye hela anaendelea Gombe au Mahale kuona sokwe, na Mahale mchanga na msitu na sokwe viko mahali pamoja.

Tahadhari ya tumbo: mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei ili samaki wazaliane. Waliokuja kwa ajili ya migebuka walikula maharage. Uliza kwanza.

FundiMashine

Umeieleza kuliko ambavyo ningeieleza. Kwenye giza mimi siuzi kitu Kigoma, mafundi wote wako majini. Nauza mbalamwezi.

Niongeze la maziwa kupanda. Kuanzia 2020 maziwa yamepanda sana, Victoria ikafika viwango vya juu kabisa, 2024 ikarudia. Tanganyika hali ni hiyo hiyo mpaka Bujumbura nyumba zikazama. Kuna fukwe nilizokuwa najipumzishia zamani, leo unaona vichwa vya miti tu. Kwa hiyo picha ya mwaka 2015 ya ufukwe wa ziwa usiitegemee, piga simu.

Kijana_wa_Mbezi

Na sisi wa Dar tusio na nauli ya Mafia?

FundiMashine

Kisiwa cha Mbudya. Panda boti Kunduchi, nenda asubuhi, lipa kiingilio cha hifadhi, kaa chini ya banda la makuti, agiza samaki mapema kwa sababu jiko ni moja na njaa ni nyingi. Unaogelea karibu saa zote. Bongoyo nayo nzuri, boti zake ziko Msasani. Coco nenda kwa ajili ya muhogo wa kukaanga na pilipili na kutazama watu, maji yakitoka pana mawe.

Kigamboni mchanga ni mzuri na hoteli ni nyingi za kila mfuko, ila nina neno. Kule ni bahari ya wazi. Sikukuu watu wanaingia wamelewa, mkondo unawavuta nje, wanapigana nao mpaka wanachoka. Ukivutwa usipambane kurudi moja kwa moja. Ogelea kuufuata ufukwe, kulia au kushoto, ukitoka kwenye mkondo ndipo ugeuke nchi kavu. Na boti yoyote, bahari au ziwa, kama maboya ya kujiokolea hayatoshi idadi ya watu, shuka. Mimi nawauzia hao jamaa mashine, nawajua. Kuna mmoja aliniambia maboya yanatisha wateja. Watu wa Mwanza hawahitaji kuelezwa hili, meli ya MV Bukoba iliyozama 1996 wanaikumbuka, na kivuko kilichozama Ukara 2018.

Ngosha_Kirumba

Tunaikumbuka.

Kifupi_tu

Haya nimerudi, nimesoma yote. Nina siku nne Januari, mke, bajeti ya kati, sitaki kuogopa kichocho wala kutapika. Wapi?

FundiMashine

Hapo sawa. Ushongo, Pangani. Januari kaskazi ipo, bahari tulivu. Weka siku zako karibu na mwezi kuandama: asubuhi maji yakitoka unakwenda Maziwe, jioni yakirudi unaogelea mbele ya chumba. Ukitoka upande wa mjini unavuka mto kwa pantoni mpaka Bweni, nilipopita mwisho daraja lilikuwa bado linajengwa. Beba hela taslimu.

Kifupi_tu

Na nikitaka kuogelea mchana?

FundiMashine

Basi ngoja mwezi nusu na Maziwe uisahau. Vyote viwili siku moja hupati, mimi sina bahari ya kukupangia.

Bwana_Stesheni

Wakuu naripoti kutoka Jambiani. Tumefika leo saa saba mchana, mvua imetupokea bandarini, sasa imekatika. Wenzangu wanakunja uso, mchanga umeenda mpaka mbinguni. Mimi nimetulia tu nakunywa dafu, naitazama saa. Usiku huu mwezi ni mkubwa, una duara la mawingu. MwanaMakunduchi, kesho saa ngapi?

MwanaMakunduchi

Karibuni. Kesho saa tano patakuwa pakavu kabisa. Mpwa wangu anaweza kuwapeleka mpaka mwambani, mtamkuta kwenye mkungu ulio mbele ya skuli, mwulizeni mtu yeyote. Viatu mmechukua?

Bwana_Stesheni

Watano wamechukua.